Tairodi Imepinda: Inyooshwe au Itupwe?

Masika yakishaanza, hadithi moja hujirudia kwenye vijiwe vya madereva wa magari ya porini. Gari limenasa korongoni, limetolewa kwa shida, na sasa tairi moja la mbele linatazama kushoto na jingine kulia. Kila aliyekaa kijiweni ana jibu lake. Mmoja anasema hiyo ni alaimenti tu, yaani matairi hayako sambamba, peleka kwenye mashine. Mwingine anasema toa chuma kilichopinda, yaani tairodi inayounganisha magurudumu ya mbele, kigonge, rudisha, safari iendelee. Wa tatu anashauri kichomelewe nondo ili kisipinde tena maishani. Wote wanasema kwa uhakika uleule, na dereva mgeni anaondoka hajui amsikilize nani.

Nadhani mkanganyiko unaanzia kwenye maneno. Tunachanganya mambo matatu ambayo dawa zake hazifanani. La kwanza ni kupinda: chuma kimebadilika umbo. La pili ni kulegea: chuma kimenyooka vizuri, lakini viungio vyake vimelika na vinacheza. La tatu ni kukosa mstari: kila kitu ni kizima, ila urefu umefungwa vibaya na matairi hayaendi sambamba. Mashine ya alaimenti inatibu hilo la tatu peke yake. Ukiipelekea la kwanza au la pili, italificha tatizo kwa muda, kisha tatizo litarudi likiwa na hasira zaidi.

Kwanza tujue kilichopo chini ya gari. Nazungumzia hasa magari yenye ekseli ya mbele iliyo ngumu, yaani chuma kimoja kizito kutoka gurudumu hadi gurudumu: Land Cruiser za mfululizo wa 70 na 80, Defender za zamani zilizotengenezwa hadi Januari 2016, Jimny, na Patrol nyingi. Ukizungusha usukani, mzunguko unashuka hadi kwenye boksi la stelingi lililofungwa kwenye chesisi. Chini ya boksi kuna mkono mfupi unaoyumba kushoto na kulia. Mkono huo unasukuma fimbo ya chuma iitwayo draglinki, nayo inageuza gurudumu moja. Moja tu. Gurudumu la pili linageuka kwa sababu limeunganishwa na mwenzake kwa fimbo nyingine ndefu inayokwenda sambamba na ekseli. Hiyo ndiyo tairodi.

Kwa hiyo draglinki inapeleka amri kutoka kwa dereva, na tairodi inahakikisha magurudumu mawili yanaitii amri ileile. Ukiishika tofauti hiyo, nusu ya uchunguzi utaufanya mwenyewe kabla fundi hajalala chini ya gari.

Kwenye ncha za fimbo hizi kuna tairodi endi: tufe dogo la chuma lililokaa ndani ya kikombe chenye grisi, likafunikwa na mpira wa kuzuia vumbi. Kazi yake ni kama ya nyonga ya mtu. Linaruhusu fimbo igeuke na kuinama huku ikibaki imeshikwa.

Sasa, kwa nini chuma kinene namna hiyo kipinde? Chukua fito ya kujengea. Ivute kwa nguvu zako zote, haitakufanya lolote. Isimamishe wima kisha iegemee kwa uzito wako juu, itatumbuka katikati mara moja. Fimbo ndefu ni hodari kwa kuvutwa na dhaifu kwa kusukumwa, na kadiri inavyorefuka ndivyo udhaifu unavyokua haraka. Fito nyembamba ya mita mbili huhimili robo tu ya mzigo ambao fito ya mita moja ya unene uleule ingehimili kabla haijaanza kupinda. Tairodi ni fimbo ya zaidi ya mita moja, haina tegemeo lolote katikati.

Kwenye Land Cruiser ya mfululizo wa 80 na Defender ya zamani, tairodi iko nyuma ya ekseli. Tairi likigonga jiwe au ukingo wa korongo, pigo linalirudisha nyuma na kulitanua kuelekea nje. Sehemu ya mbele ya tairi ikitoka nje, sehemu ya nyuma inaingia ndani, na tairodi inabanwa kati ya magurudumu mawili. Inasukumwa, na kusukumwa ndiko ilikokuwa dhaifu tangu mwanzo. Ongeza nguvu za pawa, yaani pampu inayosaidia kuzungusha usukani: dereva amekata usukani hadi mwisho, tairi limebanwa na mwamba, naye anaendelea kuzungusha. Pampu ya pawa haijui kwamba tairi limekwama. Inasukuma tu.

Draglinki, ambayo kwenye magari hayo mawili iko mbele ya ekseli, ina adui wa aina nyingine. Yenyewe ndiyo inayotangulia nyasini. Kichuguu kilichofunikwa na majani, kisiki cha mgunga uliokatwa, kingo za shimo la muhanga, vyote vinaifikia kabla havijaifikia ekseli. Wanaoendesha mbugani wanajua kwamba nyasi ndefu za baada ya mvua ni hatari kuliko mawe, kwa sababu jiwe unaliona.

Kuna chanzo kingine, na hiki kinaniuma kwa kuwa tunajitakia wenyewe. Gari limezama kwenye tope, watu wanakuja kusaidia na kamba, mmoja anaingiza mkono chini na kuifunga kwenye chuma cha kwanza anachokishika. Chuma hicho mara nyingi ni tairodi. Kamba inavutwa, tairodi inakunjika kama upinde, na gari lililokuwa limezama tu sasa limezama na halina usukani. Kamba hufungwa kwenye ndoano au kwenye chesisi. Kama huoni ndoano, zunguka ukafunge nyuma.

Baada ya kupinda kinatokea nini? Fimbo iliyopinda ni fupi kuliko iliyonyooka, kama njia ya mkato ilivyo fupi kuliko njia ya kona. Watu wengi hudhani kwamba mpindo wa kuonekana kwa macho, tuseme sentimita tano katikati, ni jambo dogo. Tupige hesabu. Tairodi ya sentimita 120 ikipinda sentimita tano katikati, ncha zake zinakaribiana kwa takriban milimita nne. Lakini tairodi inashika gurudumu kwa mkono mfupi wa kama sentimita 15, wakati tairi lenyewe lina kipenyo cha kama sentimita 80. Zile milimita nne zinapofika kwenye tairi zinakuwa kama milimita 22 za tofauti kati ya upana wa mbele na wa nyuma. Kiwango cha kiwandani huwa ni milimita chache tu. Mpindo ukiwa maradufu, yaani sentimita kumi, madhara hayawi maradufu bali takriban mara nne.

Maana yake barabarani ni kwamba kila tairi linataka kwenda njia yake huku likiburutwa kwenda njia nyingine. Kwa zile milimita 22, kila tairi la mbele linaburuzwa kwa upande karibu mita 14 katika kila kilomita moja. Ukitoka porini ukaendesha kilomita 100 za lami hivyo, umeburuza mpira kwa kilomita moja na zaidi. Ndiyo maana tairi jipya linaweza kufika mjini likiwa limelika upande mmoja, na mwenye gari akamlaumu muuza matairi.

Na upande uliolika unakwambia jambo. Tairodi iliyo nyuma ya ekseli ikifupika, matairi yanatanuka mbele, yanatembea kama miguu ya bata, na yanalika upande wa ndani. Gari la namna hii pia halitulii barabarani, linatafuta njia huku na huku. Kama gari lako lina tairodi mbele ya ekseli, mambo yanageuka: matairi yanafunga mbele na kulika upande wa nje. Chungulia kwanza uone lako limepangwaje, usije ukabishana na fundi mkiwa mnazungumzia magari mawili tofauti.

Draglinki ikipinda, dalili ni nyingine kabisa. Matairi yanabaki sambamba kwa sababu tairodi ni nzima, ila usukani unakaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja. Alama iliyokuwa juu katikati imehamia kulia au kushoto. Gari pia linaweza kukata kona vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine. Matairi hayaliki, na kwa hiyo madereva huzoea. Wanaendesha miezi mingi usukani umekaa upande, huku boksi la stelingi likifanya kazi nje ya katikati yake na draglinki ikiendelea kudhoofika.

Vipi usukani unaotetemeka? Watu wengi hukimbilia kusema tairodi imepinda. Mtetemo mara nyingi unatokana na baransi ya tairi, bushi zilizokwisha, beringi za gurudumu au tairodi endi inayocheza. Hapo tumerudi kwenye kulegea. Shokapu ya stelingi, ile iliyolala kuelekea tairodi, nayo hulaumiwa sana na kubadilishwa sana. Kazi yake ni kupunguza mtikisiko. Ukifunga mpya kwenye mfumo uliolegea, utapata wiki chache za utulivu, na katika wiki hizo kiungio kilichochoka kitaendelea kuchoka bila wewe kusikia.

Wenye Prado, Hilux na RAV4 za miaka ya karibuni mtaniuliza habari zenu. Magari yenu hayana ekseli ngumu mbele. Yana raki ya stelingi katikati, yaani fimbo yenye meno inayokwenda kushoto na kulia, na tairodi mbili fupi, moja kwa kila gurudumu. Ikipinda, inapinda ya upande mmoja: tairi moja linatazama pembeni, na usukani unahama pia. Fimbo hizo ni nyembamba, na hapa sina ushauri wa kunyoosha. Pigo lililoipinda limeingia kwenye raki, kwa hiyo raki nayo ikaguliwe.

Turudi porini, kwa kuwa swali la kunyoosha au kutupa linakuja mtu akiwa mbali na duka.

Mimi lilinikuta kati ya Engaruka na Ngare Sero, njia ya kwenda Ziwa Natron, ambako makorongo yanayoshuka kutoka kwenye miinuko hubadilika kila mvua. Niliingia korongo nililolipita wiki mbili kabla, na kingo yake haikuwa pale nilipoiacha. Usukani ulikaza mara moja, kisha ukawa mwepesi kupita kiasi. Kosa langu siku hiyo lilikuwa kurudisha gari nyuma na kujaribu tena kwa nguvu kabla sijashuka kuangalia. Kama ningeshuka, ningekuta mpindo wa vidole viwili. Niliposhuka mwishowe, ulikuwa wa kiganja.

Kwa hiyo la kwanza ni kusimama na kushuka. La pili ni kuweka kabari kwenye magurudumu, kwa sababu unakwenda kufanya kazi chini ya gari. Kisha, ikiwezekana, itoe fimbo nje. Ukiinyoosha ikiwa bado imefungwa, nguvu yote inapitia kwenye zile tairodi endi, na utaharibu vitu vinne ukitengeneza kimoja. Chomoa kota pini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, legeza nati lakini usiitoe kabisa ili ilinde meno ya skrubu, kisha piga ubavu wa jicho la mkono lililoshika ile ncha. Ukiwa na nyundo mbili, moja iwe tegemeo upande wa pili. Usipige ncha yenyewe ya skrubu. Jicho likipata mshtuko, ncha inaachia.

Kunyoosha kwenyewe kufanywe baridi na polepole. Ibane fimbo kwenye uma wa mti mgumu, au ilaze kati ya mawe mawili mpindo ukiwa juu, ukandamize kwa jeki iliyowekwa chini ya sehemu nzito ya gari. Nyundo iwe ya kumalizia. Moto usiutumie. Chuma cha stelingi kimepewa ugumu wake kiwandani, na wewe ukikichoma mpaka kiwe chekundu unaufuta ugumu huo bila kujua umebakiza kiasi gani. Kitanyooka kwa urahisi sana, na urahisi huo ndio utakaokirudisha kwenye mpindo.

Haitanyooka kama rula, na wala haihitaji. Unahitaji matairi yawe karibu na sambamba. Weka alama kwa chaki mbele ya kila tairi, kwenye urefu wa katikati ya gurudumu, pima kwa kamba kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zilezile ziwe nyuma, pima tena. Tofauti ikiwa kubwa, legeza vibano vya tairodi na uizungushe. Kwenye magari mengi ya aina hii ncha moja ina meno ya kulia na nyingine ya kushoto, kwa hiyo kuizungusha kunairefusha au kuifupisha.

Kisha ifunge gango, kama mfupa uliovunjika. Mpini wa jeki, spana ndefu au kipande cha nondo kilalie pale palipopindia, kizungushiwe waya au vibano kwa mkazo. Ukizungusha usukani hadi mwisho pande zote, gango lisiguse ekseli wala difu. Baada ya hapo ni mwendo wa polepole, kilomita 30 au 40 kwa saa, ukisimama kila baada ya muda kuangalia. Sisi tulifika Mto wa Mbu kwa mwendo huo, na fimbo ile haikurudi tena chini ya gari.

Kwa nini isirudi, ikiwa ilitufikisha? Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi ninaowaheshimu. Chukua waya ule laini wa kufungia nondo. Ukunje, unyooshe, ukunje, unyooshe. Mara ya kwanza hauoneshi chochote. Baada ya mara kadhaa unakatika mkononi, tena bila onyo. Kila mkunjo unaacha uchovu ndani ya chuma ambao jicho halioni. Tairodi ni nene kuliko waya, lakini ni chuma, na sheria ni ileile. Tena ukumbuke ile fito: iliyobaki na kipindo kidogo inahimili kusukumwa kwa nguvu ndogo zaidi kuliko iliyonyooka, kwa sababu kila msukumo tayari unajua pa kuipindia.

Tofauti ya kupinda na kukatika ndiyo inayonifanya niandike haya. Tairodi iliyopinda bado imeshika magurudumu yote mawili. Gari linakwenda vibaya, lakini linakwenda na unaweza kulisimamisha. Iliyokatika inaliacha gurudumu moja huru, na kwenye lami ya Makuyuni kwa kilomita 80 kwa saa gurudumu huru lina uwezo wa kulala upande na kulipindua gari lenye abiria saba.

Hapo ndipo ushauri wa kuchomelea nondo unapoharibika. Ni kweli fimbo iliyochomelewa haitapinda kirahisi. Lakini pigo la korongo halijapungua. Litatafuta sehemu inayofuata kwa udhaifu, nayo ni shingo ya tairodi endi au mkono wa gurudumu, vitu ambavyo havipindi sana, vinakatika. Pamoja na hayo, pembeni ya uchomeleaji chuma huwa kigumu na chenye kuvunjika kirahisi. Tairodi ya kiwandani imepimwa iumie yenyewe kwanza. Wapo wanaofunga tairodi nene zaidi zilizotengenezwa mahususi, na kwa gari linaloishi kwenye mawe nakubaliana nao, ila wakague viungio mara nyingi zaidi kuliko zamani.

Kwa sababu hiyohiyo, usibadilishe fimbo ukaondoka. Pigo lilipita mahali pengi kabla halijaishia pale lilipopinda. Shika kila tairodi endi uizungushe: ikikaza sehemu na kulegea sehemu, au mpira wake umechanika, nayo inatoka. Angalia nati za mikono ya magurudumu. Kwenye Land Cruiser za ekseli ngumu zina tabia ya kulegea kimyakimya, na zikilegea mkono hucheza mpaka skrubu zake zinakatika. Safisha kwa brashi ya waya pale boksi la stelingi linaposhikana na chesisi, utafute ufa. Baada ya yote hayo ndipo mashine ya alaimenti inapata kazi yake halali.

Dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utauziwa mpya ya kampuni, mpya isiyo na jina, na iliyotumika. Kwa sehemu hii moja sijawahi kushauri mtu anunue isiyo na jina. Iliyotumika yenye asili ya kiwandani inaweza kufaa kama imenyooka, na kuijua ni rahisi: itoe ncha, ilaze kwenye kioo au sakafu ya terazo, iviringishe polepole huku ukitazama mwanga chini yake. Iliyonyooka inaviringika bila kuruka. Iliyowahi kunyooshwa itajionesha katika mzunguko wa kwanza, hata kama imepakwa rangi nyeusi inayong'aa.

Rangi hiyo ndiyo sababu ya jambo la mwisho ninalowaomba mafundi na wenye magari. Tairodi ya zamani ikishatoka, msiiache kwenye kona ya gereji. Ikateni vipande viwili kwa msumeno siku hiyohiyo, ndipo iende kwa wauza vyuma chakavu.